Klachi haikati: raba mpya, masta mpya au mtumba, na upepo uutoe vipi

Pedeli ya klachi ikianza kuzama na rivasi ikianza kukwaruza, swali la kwanza dukani huwa ni bei. Bei ina nafasi yake, lakini kuna maamuzi mawili yanayoitangulia, na ndiyo yatakayoamua kama kazi itaisha jioni moja au itakula wikendi nzima. La kwanza: unabadilisha raba tu (mipira ya ndani ya silinda inayozuia mafuta yasipite), unanunua silinda nzima mpya, au unachukua mtumba? La pili: ukishafunga, upepo, yaani hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa mafuta, utautoa kwa njia gani?

Masta ya juu ni silinda inayosukumwa na pedeli; ya chini ni ile ya kwenye giaboksi, inayosukuma foku, wenzo unaoifanya klachi ikate, yaani iachane na injini; kati yao kuna paipu yenye mafuta ya breki. Ninazungumzia magari ambayo mtu anaweza kuyashughulikia uani kwake: Toyota Hilux, Hiace, Land Cruiser za 70 na ndugu zao, ambazo masta ya chini imefungwa nje ya giaboksi kwa boliti mbili. Kwa Ford Transit za miaka ya 2000 na Opel Astra za wakati huo mambo ni tofauti. Huko silinda ya chini imo ndani ya giaboksi, imeungana na rilizi beringi, ile inayoisukuma klachi, kuwa kitu kimoja. Hapo hakuna cha kulinganisha. Giaboksi inashuka, na ikishashuka unabadilisha klachi pleti, preshapleti inayoibana na silinda kwa pamoja, maana gharama kubwa ni ile ya kuishusha. Peleka gereji.

Ipi imekufa, ya juu au ya chini?

Anza na macho kabla ya spana. Ingia miguuni pa dereva, inua zulia, pitisha kidole pale fimbo ya pedeli inapoingia ukutani. Ukikuta utelezi, na rangi ya bati imevimba na kubanduka, masta ya juu inavuja kuelekea ndani. Halafu nenda chini ya gari, likiwa juu ya stendi na magurudumu yamewekewa kigingi, si jeki peke yake. Tafuta masta ya chini ubavuni mwa giaboksi. Ina kofia ya raba yenye mikunjo. Usiing'oe, inua mdomo wake kidogo tu kwa bisibisi bapa. Kwenye masta nzima utakuta pakavu, au unyevu wa kupaka kidole. Yakichuruzika mafuta meusi yenye chengachenga za raba, jibu umeshalipata.

Ugumu uko pale ambapo nje hakuvuji popote. Kikopo cha mafuta kimejaa, sakafu kavu, lakini ukikanyaga klachi na kuishikilia kwenye foleni, pedeli inashuka taratibu yenyewe. Hapo masta ya juu inapitisha: mafuta yanapenya pembeni mwa raba iliyochoka na kurudi nyuma yake, nje hakionekani kitu. Kuthibitisha, zima injini, mtu akanyage pedeli na kuishikilia huku wewe ukitazama foku ya klachi. Foku ikisogea kisha ikaanza kurudi polepole wakati mguu haujainuka, masta ya juu ndiyo yenye kesi.

Pedeli ikiwa laini kama sponji, kisha ikapata nguvu baada ya kuipampu mara mbili tatu, huo ni upepo. Upepo hauzaliwi ndani ya paipu, umeingilia mahali. Kutoa upepo bila kujua ulikoingilia ni kujipa kazi ileile ya wiki ijayo.

Na pedeli inayochelewa kurudi juu? Kabla ya kununua chochote, shuku ile hozi fupi ya raba inayounganisha paipu na masta ya chini. Hozi iliyozeeka huvimba kwa ndani, ikawa inapitisha mafuta kwa shinikizo la mguu lakini haiyaachii kurudi. Watu wamebadilisha masta zote mbili na tatizo likabaki palepale kwa sababu ya hozi hiyo.

Jambo moja zaidi: foku ikisogea vizuri mwendo wake wote na bado klachi haikati, achana na masta. Ugonjwa uko ndani, kwenye pleti, preshapleti au foku yenyewe iliyopasuka.

Raba peke yake

Pakiti ya raba bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya silinda nzima. Ndani utakuta raba za pistoni, kofia ya vumbi, na wakati mwingine pistoni mpya na washa za shaba. Kwa mtu anayepanga mfuko ndilo chaguo linalovutia kwanza, na si chaguo baya, ila lina sharti moja lisilo na mjadala: kuta za ndani ya silinda ziwe safi.

Ukishatoa pistoni, osha ndani kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mulika kwa tochi. Angalia hasa upande uliokuwa chini silinda ikiwa garini, kwani kutu hupenda kuanzia huko. Kisha pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye shimo au mstari, hata mdogo, raba mpya haitadumu hapo. Kila ukikanyaga inasuguliwa. Silinda ya chuma yenye madoa tu unaweza kuisugua kwa msasa laini kabisa uliolowa mafuta ya breki, ukizungusha kufuata duara, si kuvuta mbele na nyuma. Ya aluminiamu usiiguse na msasa. Ngozi yake ngumu ni nyembamba mno, na ukiiondoa umebaki na chuma laini kinacholika haraka.

Raba yenyewe ina mdomo, na mdomo unatazama kule yaliko mafuta. Ukiigeuza, pedeli haitashika kitu na utatafuta upepo usiokuwepo mpaka jua lizame. Ipake mafuta ya breki au grisi maalumu ya raba kabla ya kuisukuma ndani. Petroli, dizeli, oili ya injini na grisi ya beringi ni marufuku hapa. Raba hizi zikigusa mafuta ya jamii hiyo huvimba na kulainika, na uharibifu hauishii kwenye silinda moja. Unafika kila mahali mafuta yalikofika.

Binafsi, raba naziamini zaidi kwa masta ya juu. Iko mahali pakavu, imekingwa na tope na mvua, na kuta zake mara nyingi huwa bado nzuri hata gari likiwa zee. Masta ya chini inaishi maisha mengine: maji ya barabarani, vumbi, joto la injini. Kofia yake ikipasuka, tope linaingia moja kwa moja. Kumi kwa moja, ukiifungua utakuta mashimo ya kutu.

Masta nzima mpya

Faida yake inajulikana: unafungua, unafunga, basi. Hatari yake iko kaunta. Muuzaji akisema "hii inaingia tu," maana yake ni kwamba matundu ya boliti yamelingana. Hajasema lolote kuhusu kipenyo cha ndani.

Kipenyo ndicho kinachoamua klachi itakata au la. Kwenye masta nyingi za Kijapani kimeandikwa ubavuni, namba iliyochomoza kwenye chuma chenyewe kwa sehemu za inchi: 5/8, 11/16, 3/4. Zinaonekana kupishana kwa unyoya, lakini hesabu ni ya eneo la duara. Masta ya juu ya 3/4 kwa mwendo uleule wa mguu inasukuma mafuta karibu mara moja na nusu ya ile ya 5/8. Ukifunga ndogo badala ya kubwa, pedeli inakuwa nyepesi, tamu kabisa, lakini foku haifiki mwisho na rivasi inaendelea kulia. Ukifunga kubwa badala ya ndogo, mguu wa kushoto utachoka kabla hujafika Ubungo. Kwa masta ya chini mambo hugeuka: kubwa hufupisha mwendo wa foku, ndogo huurefusha.

Kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi, iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi. Linganisha namba, urefu wa fimbo, na nipeli, kile kiskrubu cha kutolea upepo, iko upande gani. Hili la nipeli wengi hulipita. Kuna masta za chini zinazofanana kama pacha lakini moja ni ya kushoto na nyingine ya kulia. Ukifunga isiyo yake, nipeli inakaa chini ya tundu la paipu. Upepo unapanda juu daima, kwa hiyo utabaki umekaa pembeni ukikutazama.

Kuhusu feki: boksi halithibitishi chochote siku hizi, linachapishwa popote. Tazama chuma. Kwenye masta nzuri nyuzi za tundu la paipu zimekatwa safi, nati inaingia kwa vidole mizunguko kadhaa bila kukwama, na ukisukuma pistoni inarudi mara moja bila kusita. Aisin na Seiken ni majina ya Kijapani yenye historia kwenye kazi hii, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo majina yanayoigwa.

Mtumba

Masta ya mtumba ikiwa imekaa kavu rafuni, raba zake zimeshakakamaa, hata kama ilitoka kwenye gari lililokuwa likitembea. Kuifunga kama ilivyo ni bahati nasibu.

Ila mtumba una matumizi yake, na hapa natofautiana na wanaoukataa kabisa. Masta ya juu ya asili iliyotoka Japani, yenye kuta safi, ukiitia pakiti mpya ya raba, mara nyingi itaishi kuliko mpya ya bei ya chini isiyojulikana imetoka wapi. Chuma chake kilitengenezwa vizuri tangu mwanzo. Mwombe muuzaji akuruhusu kuifungua palepale na uitazame kwa tochi ya simu. Akikataa, acha. Masta ya chini ya mtumba, hapana. Sababu nimeshazitaja.

Moja au zote mbili?

Mafundi wengi watakuambia ukibadilisha ya juu, ya chini itafuata baada ya wiki chache, kwa kuwa masta mpya inaleta shinikizo ambalo raba ya zamani ilikuwa imeshaacha kulizoea. Kuna ukweli humo, lakini mimi natazama mafuta kwanza. Yakiwa ya rangi ya asali au kahawia hafifu, na iliyobaki ni kavu chini ya kofia, badilisha moja. Yakiwa meusi tii, raba za pande zote zinamomonyoka na weusi huo ni zenyewe; badilisha zote na hozi juu yake. Kazi ya kutoa upepo ni ileile, na hakuna anayefurahia kuifanya mara mbili.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kwa sasa, na zote mbili ni mbovu, nunua masta ya chini mpya na raba za masta ya juu. Huo ndio mgawanyo ninaoupendekeza karibu kila mara kwa Hilux ya kazi.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta spana ya nati za paipu, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Nati ya paipu mara nyingi ni namba 10 na ni laini. Spana ya kawaida yenye mdomo wazi huizungusha ikabaki mviringo, na kazi ya masta inageuka kazi ya kutengeneza paipu. Nyunyizia dawa ya kutu jana yake. Funika bodi ya gari kwa matambara, kwa kuwa mafuta ya breki hubabua rangi. Yakidondoka, mwagia maji mara moja badala ya kufuta kwa kitambaa kikavu.

Mafuta: DOT 3 au DOT 4

DOT ni daraja la mafuta ya breki; fuata lililoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo. DOT 3 mpya huanza kuchemka kwa angalau nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 kwa 230, lakini klachi haipati moto wa breki, hivyo tofauti hiyo haikusaidii sana. Hizo mbili zinachanganyika. DOT 5 ya silikoni, ambayo mara nyingi ina rangi ya zambarau, haichanganyiki nazo kabisa. La maana zaidi kwa aliye Tanga, Mombasa au Unguja ni kwamba mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Ile nusu chupa iliyokaa gereji tangu mwaka jana itumie kuoshea vyuma.

Kutoa upepo: njia zinazofaa na zinazochosha

Ukichagua masta mpya ya juu, ijaze kabla ya kuifunga. Ishike wima, tia mafuta, sukuma pistoni polepole kwa fimbo hadi mapovu yaishe. Nusu ya malalamiko ya "upepo hautoki" huanzia kwenye masta iliyofungwa kavu.

Njia ya watu wawili ndiyo inayojulikana kote: kanyaga, shikilia, fungua nipeli, funga nipeli, achia. Mpangilio huo hauna mchezo. Anayekanyaga akiachia kabla ya nipeli kufungwa, masta inavuta upepo ule mliokwisha kuutoa. Semeni kwa sauti: "Chini!" anajibu "Iko chini!" ndipo unafungua. Tia hozi inayoonesha kwenye nipeli, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo, na utayaona mapovu yakipita, mwanzo makubwa ya kukohoa, kisha madogo, kisha mafuta matupu. Ongeza mafuta kikoponi kabla hayajafika chini. Njia hii haigharimu kitu na kwa magari mengi inatosha. Udhaifu wake ni kwamba mwendo mmoja wa klachi unasukuma mafuta kidogo, na pale paipu inapopinda kwenda juu kisha kushuka, povu linasogea kidogo mguu ukishuka na kurudi palepale mguu ukiinuka.

Kuacha mafuta yashuke yenyewe, kikopo kimejaa na nipeli imefunguliwa, ni njia ya mvivu mwenye akili. Unakunywa chai huku yakidondoka. Inafaa pale ulipobadilisha masta ya chini peke yake na ya juu haikukauka. Kwenye mfumo mkavu kabisa inachosha, na mara nyingine haidondoki kabisa.

Hozi yenye valvu ya njia moja inakuwezesha kufanya peke yako, ukipampu pedeli bila kufunga nipeli kila mara. Inafanya kazi kama valvu haijaziba. Pampu ya kuvuta kutoka chini ni ya haraka zaidi, lakini inadanganya: inavuta hewa kupitia nyuzi za nipeli, na utaona mapovu yasiyokwisha ilhali ndani kumeshaisha. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi kabla hujakata tamaa. Vifaa vya kusukuma kutoka kikoponi kwa upepo wa tairi la akiba navyo ni vizuri, ila punguza tairi hadi chini ya psi 20, na hakikisha mfuniko umekaa sawasawa. Ukichomoka, chini ya boneti pataloa pote.

Ninayoipa alama za juu kwa klachi sugu ni ya kusukuma kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano. Upepo unataka kupanda, hapa unausindikiza. Chukua bomba kubwa la 50 au 60 ml kutoka duka la dawa, hozi inayoonesha, na uijaze hozi yote hadi tone lichungulie mdomoni kabla ya kuichomeka kwenye nipeli, la sivyo unauingiza upepo mwenyewe. Funga hozi kwa waya mwembamba. Punguza mafuta kikoponi kwanza. Fungua nipeli robo mzunguko, sukuma polepole, na mtu achungulie kikoponi: mapovu yataibuka juu, pengine mfululizo. Funga nipeli kabla ya kuchomoa. Tatizo lake ni moja: uchafu wa chini unaupeleka juu kwenye masta safi. Kwenye mfumo wenye mafuta meusi usianze na hii. Osha kwanza kwa njia ya watu wawili.

Na ikishindikana yote, usinunue kifaa kingine. Fungua boliti mbili za masta ya chini bila kufungua paipu, igeuze nipeli iwe juu kabisa, nipeli imefungwa, na usukume fimbo yake ndani kwa gumba polepole hadi mwisho, kisha uiachie taratibu. Rudia huku ukiigongagonga kwa mpini wa bisibisi. Povu lililojificha linarudi kikoponi kwa njia ya paipu. Wakati huo asiguse mtu pedeli: pistoni ikikosa kizuizi itaruka nje na kukumwagia mafuta usoni. Vaa miwani.

Baadhi ya Land Cruiser na pikapu za dizeli zina kidude cha kupunguza mtetemo katikati ya paipu. Kikiwa na nipeli yake, hicho nacho kitolewe upepo, na kabla ya masta ya chini.

Ukishamaliza

Kaza nipeli kwa kiasi, Nm 8 hadi 11 inatosha. Ni ndogo na inakatika kirahisi. Kisha rudi kwenye pedeli. Kwa Toyota nyingi uhuru wa pedeli kabla ya kuanza kusukuma ni milimita 5 hadi 15, na ndani yake fimbo iwe na mchezo wa milimita 1 hadi 5. Fimbo ikibana bila mchezo, pistoni hairudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na baada ya kilomita chache klachi inaanza kuteleza kana kwamba pleti imekwisha. Ukiona hivyo siku ya kwanza baada ya kubadilisha masta ya juu, legeza fimbo kabla ya kulaumu pleti.

Kikopo usikijaze hadi mdomoni. Kwenye breki mafuta hushuka kadiri pedi zinavyolika, lakini kwenye klachi hizi za masta ya nje ni kinyume: pleti ikilika, foku inairudisha pistoni ndani na mafuta yanapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo siku utakapofungua boneti ukakuta yameshuka chini ya alama, hayo yamevuja, na kuongeza tu hakutoshi. Inua zulia tena.